Usinunue Kibandiko: Kichakataji na Kumbukumbu kwa Mnunuzi wa Kompyuta Machakos

Kila muhula mpya unapokaribia, maduka ya kompyuta mjini Machakos hupokea wateja wanaofanana: mzazi aliyedunduliza pesa kwa miezi, na kijana anayejiandaa kujiunga na Chuo Kikuu cha Machakos au chuo kingine. Muuzaji huinua mashine na kusema, "Chukua hii, mama, ni i7. Haitakusumbua." Mara nyingi mashine yenyewe ni ya ex-UK, yaani imetumika ofisini ng'ambo kabla ya kufika Kenya. Kununua mashine ya aina hiyo si kosa. Kosa ni kuilipia kwa sababu ya kibandiko kilicho kando ya kibodi, bila kujua kilichomo ndani.

Kompyuta nyingi tunazozilalamikia kuwa nzito hazina kichakataji dhaifu. Zina kichakataji kinachokaa bure kikisubiri data kutoka kwenye kumbukumbu ndogo au diski ya polepole. Anayelielewa jambo hilo moja hununua kwa akili, hurekebisha mashine yake kwa gharama ndogo, na humuuliza muuzaji maswali ya maana.

Kichakataji hufanya kazi gani?

Kichakataji, ambacho mafundi hukiita CPU, ni kipande cha silikoni kilichojaa transista. Transista ni swichi ndogo mno ya umeme, ambayo ama inapitisha umeme ama inauzuia. Hali hizo mbili ndizo tunazoziandika 1 na 0. Intel ilipotoa kichakataji chake cha 4004 mwaka 1971, kilikuwa na transista zipatazo 2,300. Vya leo vina mabilioni.

Ndani ya kichakataji kuna sehemu tatu za kukumbuka. Kitengo cha udhibiti husoma amri na kuelekeza kazi. Kitengo cha hesabu na mantiki hujumlisha, hutoa na hulinganisha. Rejesta ni hifadhi chache ndogo zinazoshika namba zinazoshughulikiwa wakati huohuo.

Chukua mhudumu wa saiba anayefunga hesabu za siku kwenye Excel. Seli ya A1 ina 350, pesa za kuchapisha. Seli ya B1 ina 200, pesa za kumsaidia mteja kwenye eCitizen. Anaandika =A1+B1 na kubonyeza Enter. Kichakataji kinachukua amri kutoka kwenye RAM, yaani kumbukumbu ya kazi ya kompyuta, kinaifasiri na kutambua kuwa ni ya kujumlisha, kinaleta 350 kwenye rejesta moja na 200 kwenye nyingine, kinajumlisha, kisha kinarudisha 550 kwenye RAM. Kwa kweli Excel hutumia maelfu ya amri kwa kazi hiyo, zikiwemo za kuchora tarakimu kwenye skrini, lakini kila amri hupitia mzunguko uleule: kuchukuliwa, kufasiriwa, kutekelezwa.

Angalia kwamba amri yenyewe ilitoka kwenye RAM, mahali palepale zilipokaa namba. Wazo hilo la kuweka programu na data katika kumbukumbu moja lilielezwa na John von Neumann katika ripoti yake ya mwaka 1945. Tarehe 21 Juni 1948, mashine ya Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza, iliendesha kwa mara ya kwanza programu iliyohifadhiwa katika kumbukumbu yake ya kielektroniki. Kwa mtumiaji wa leo, maana yake ni kwamba kila programu unayoifungua hula RAM hata kabla hujaandika neno.

Gigahezi, viini na vizazi

Kichakataji hufuata mapigo ya saa yake ya ndani. Gigahezi 1 ni mapigo bilioni 1 kwa sekunde. Hapo ndipo wanunuzi wengi hupotea, kwa kudhani kwamba gigahezi nyingi ni kasi kubwa basi.

Weka mezani vichakataji viwili vya Intel vya kompyuta za ofisi. Cha kwanza ni Core i7-6600U: viini 2, kasi ya msingi ya gigahezi 2.6, kache (kumbukumbu ndogo iliyo ndani ya kichakataji) ya megabaiti 4. Cha pili ni Core i5-8350U: viini 4, kasi ya msingi ya gigahezi 1.7, kache ya megabaiti 6. Kwa kibandiko, cha kwanza kinaonekana kikali, kwa kuwa i7 ni kubwa kuliko i5 na 2.6 ni kubwa kuliko 1.7. Ukivitumia, mambo hugeuka. Kasi ya msingi si kikomo: kazi ikiwa nzito, cha kwanza hupanda hadi gigahezi 3.4 na cha pili hadi 3.6. Isitoshe, kiini kimoja ni kichakataji kamili kinachoweza kufanya kazi yake peke yake. Mwenye viini 4 anaweza kuwa kwenye mkutano wa video, kufungua kurasa nyingi za intaneti na kuandika ripoti, huku mwenye viini 2 akizipanga kazi hizo foleni. i5 hii inaishinda i7 ile.

Jambo la kutazama, kwa hiyo, ni namba nzima iliyo baada ya kistari. Kwa Intel Core, tarakimu ya mwanzo hutaja kizazi: i5-6300U ni ya kizazi cha 6, i5-8350U ni ya 8. Namba ikianza na 1, soma tarakimu mbili: i5-10210U ni ya kizazi cha 10, na i5-1135G7 ni ya 11. Herufi U mwishoni huonyesha kichakataji cha kubana umeme, H huonyesha chenye nguvu zaidi na joto zaidi.

Kizazi kina uzito wa pekee sasa. Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inadai, kwa upande wa Intel, kichakataji cha kizazi cha 8 au kipya zaidi isipokuwa vichache sana vya kizazi cha 7, pamoja na chipu ya usalama ya TPM 2.0, RAM ya gigabaiti 4 na hifadhi ya gigabaiti 64. Mashine ya kizazi cha 6 inaweza kuwa nzima kabisa, lakini mwenye kuinunua leo ajue kwamba mfumo wake rasmi wa Windows umefikia mwisho. Akiwa tayari kutumia Linux, kama vile Ubuntu au Mint, bado atapata miaka ya kazi kutoka kwayo.

Jihadhari pia na jina lililoandikwa kwenye kasha la nje. HP EliteBook 840 G5, kwa mfano, iliuzwa ikiwa na vichakataji vya kizazi cha 7 na pia vya kizazi cha 8. Mashine mbili zinazofanana kama pacha dukani zinaweza kutofautiana kwa idadi ya viini na kwa haki ya kupata Windows 11.

Kumbukumbu ina ngazi

Kichakataji hakina mahali pamoja pa kuchukua data. Kina ngazi kadhaa, na kadiri unavyoshuka, nafasi huongezeka na kasi hupungua. Mfikirie mchonga vinyago wa Wamunyu, kule ambako uchongaji umekuwa kazi ya vizazi. Patasi iliyo mkononi mwake ni rejesta. Zana zilizo kwenye mkeka kando ya goti lake ni kache. Zilizopangwa kwenye rafu ya kibanda ni RAM. Gogo ambalo bado liko kwa muuza mbao ni diski. Awe hodari vipi, mikono yake haiwezi kuchonga gogo ambalo halijafika.

Sasa tutie namba. Kache ya karibu kabisa, iitwayo L1, hujibu kwa takriban nanosekunde 1, yaani sehemu moja ya bilioni ya sekunde. RAM hujibu kwa nanosekunde kati ya 80 na 100. Diski ya SSD huchukua kama nanosekunde 100,000. Diski ya zamani ya kuzunguka, ile ya HDD, huchukua takriban milioni 10. Tuseme nanosekunde 1 ingekuwa sekunde nzima. Kache ingejibu kwa sekunde 1. RAM ingejibu baada ya dakika moja na nusu. SSD ingechukua zaidi ya siku nzima. HDD ingechukua karibu miezi 4.

Hivyo ndivyo kichakataji kinavyosubiri. Kila data inapokosekana kwenye kache, kinaangalia RAM. Ikikosekana huko, kinaiomba diski. Kompyuta yenye HDD inaweza kuonyesha kichakataji kinatumika kwa asilimia 10 tu huku mwenyewe akitazama kiduara kikizunguka.

Mbona basi kompyuta nzima isijengwe kwa kache? Kwa sababu kache hutumia transista 6 kuhifadhi biti moja (1 au 0), wakati RAM ya kawaida hutumia transista 1 na kapasita 1, mbinu iliyobuniwa na Robert Dennard wa IBM na kupewa hataza mwaka 1968. Kache hula nafasi na fedha nyingi. Ndiyo maana i5-8350U ina megabaiti 6 tu za kache kubwa ya L3, ilhali mashine yenyewe ina gigabaiti 8 au 16 za RAM. Kache hiyo ndogo inatosha kusaidia sana kwa kuwa programu hurudia amri zilezile na kugusa data zilizo jirani.

RAM: kiasi, aina na nafasi

Kapasita za RAM huvuja chaji. Kwa kawaida hulazimika kujazwa upya kila milisekunde 64 au chini ya hapo, na stima ikipotea zote hubaki tupu. Ukiwa na kompyuta ya mezani isiyo na betri ya akiba, kazi ambayo hujaihifadhi kwenye diski imekwenda. Bonyeza Ctrl na S kila baada ya aya chache.

Kiasi kinachofaa hutegemea kazi. Gigabaiti 4 zinatosha kuwasha Windows 11, lakini ukifungua kivinjari chenye kurasa kumi, Word na mkutano wa video, zitajaa. RAM ikijaa, mfumo huhamishia sehemu ya data kwenye diski na kuirudisha inapohitajika. Kwa mwanafunzi, mwalimu au mwenye saiba, gigabaiti 8 ni kiwango cha kuanzia. Anayehariri video, anayechora ramani za majengo au anayesomea uprogramu alenge 16.

Mashine nyingi za ofisi hazina kumbukumbu ya pekee kwa ajili ya picha za skrini, hivyo sehemu ya RAM hukatwa kwa kazi hiyo. Ukiona 7.8 badala ya 8, hujaibiwa.

Aina nayo ni muhimu. DDR3, DDR4 na DDR5 haziingiliani: mwanya wa chini uko mahali tofauti, na voltiji ni tofauti. RAM ya DDR3 ya kipakatalishi ina miguu 204, ya DDR4 ina 260. Kabla ya kununua ya kuongeza, soma aina ya ile iliyomo. Na usimkubalie mtu anayetaka kuisukuma kwa nguvu.

Kisha uliza idadi ya nafasi. ThinkPad T480 ina nafasi mbili za RAM. T480s ina RAM iliyolehemiwa kwenye bodi na nafasi moja ya kuongeza. MacBook Air na ThinkPad X1 Carbon zina RAM iliyolehemiwa yote, na kiasi ulichonunua ndicho utakachozeeka nacho. Penye nafasi mbili, RAM mbili za gigabaiti 4 hufanya kazi vizuri kuliko moja ya 8, kwa kuwa kila moja hupata njia yake ya kupitisha data. Njia moja ya DDR4 ya kasi ya 2400 hupitisha hadi gigabaiti 19.2 kwa sekunde. Njia mbili zikitumika pamoja huwa 38.4. Tofauti huonekana hasa kwenye video na michezo, kwa sababu picha za skrini nazo zinategemea RAM hiyohiyo.

Suala la mwisho ni biti. Windows ya biti 32 ina anwani 4,294,967,296 tu za kumbukumbu, sawa na gigabaiti 4. Mtu anaweza kukuongezea RAM hadi 8 na mashine isione zaidi ya 4, kwa sababu tu imewekewa mfumo usiofaa. Hakikisha ni biti 64.

Simu nazo zimo

Katika Kaunti hii hii ya Machakos, huko Athi River, Rais William Ruto alizindua tarehe 30 Oktoba 2023 kiwanda cha East Africa Device Assembly Kenya kinachounganisha simu janja. Kuunganisha ni tofauti na kutengeneza chipu. Vichakataji vya simu hufika vikiwa tayari, kwa kuwa viwanda vya kuchonga transista kwenye silikoni ni vichache duniani na ujenzi wake hugharimu mabilioni ya dola.

Kanuni za ndani ya simu ni zilezile: viini, kache, RAM, hifadhi. Vichakataji vingi vya simu hufuata usanifu wa ARM, uliozaliwa Cambridge, Uingereza, mwaka 1985, ambao ulisifika kwa kutumia umeme kidogo.

Onyo moja kwa mnunuzi wa simu. Ukiona tangazo la RAM ya "4+4", nne za mwanzo ndizo RAM. Nne za pili ni sehemu ya hifadhi iliyoazimwa, na umeshaona hapo juu jinsi hifadhi ilivyo ya polepole ikilinganishwa na RAM. Linganisha simu kwa namba ya kwanza pekee.

Pima kabla ya kulipa

Omba mashine iwashwe na uipime mwenyewe. Muuzaji mwaminifu hatakuzuia.

1. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, kisha ufungue palipoandikwa Performance.

2. Bofya CPU. Juu utaona namba kamili ya kichakataji. Chini utaona idadi ya viini palipoandikwa Cores, na ukubwa wa kache. Linganisha na ulichoambiwa, wala usitegemee kibandiko, maana kibandiko hubandikwa na yeyote.

3. Bofya Memory. Soma kiasi, kasi, na nafasi zilizotumika. Ukiona "1 of 2", una nafasi ya kuongeza baadaye.

4. Bofya Disk. Itaandikwa SSD au HDD. Mashine ya HDD iteremshiwe bei, kwa sababu utalazimika kubadilisha diski.

5. Fungua kurasa kadhaa: eCitizen, iTax, video mbili za YouTube, na hati ya Word. Acha ziendelee kwa dakika 15. RAM ikivuka asilimia 90 huku diski ikigonga 100, kiasi hakikutoshi.

6. Wakati huohuo rudi kwenye CPU uangalie kasi. Ikianza kwenye gigahezi 3 na kuporomoka chini ya 1 huku mashine ikichoma mkono, feni imejaa vumbi au dawa ya kupitisha joto imekauka. Kichakataji hujipunguzia kasi chenyewe joto likikaribia kikomo chake, ambacho kwa vingi vya Intel vya vipakatalishi ni nyuzi 100 za Selsiasi. Kusafisha feni na kupaka dawa mpya ni kazi ya kawaida kwa fundi, lakini bei ipungue kwanza.

Ukishanunua, uongeze nini kwanza?

Ikiwa mashine yako ni ya HDD, anza na SSD. Ni hatua ile ya kutoka miezi 4 hadi siku moja, na hakuna badiliko lingine linalohisiwa haraka hivyo. Pili, fikisha RAM gigabaiti 8. Tatu, safisha feni. Kichakataji kiache, kwa sababu katika vipakatalishi vingi vya kisasa kimelehemiwa kwenye bodi na hakibadilishwi. Hiyo ndiyo sababu ya kukichagua kwa makini siku ya kununua, na kukubali udogo wa RAM au diski inayoweza kuongezwa kesho.

Unapoongeza RAM mwenyewe, zima mashine kabisa, chomoa chaja, tenganisha betri, na uguse chuma ili kuondoa umeme tuli mwilini. Shika RAM kwa kingo zake, usiguse miguu ya dhahabu.

Usidanganyike pia na upya. Kipakatalishi kipya chenye Celeron ya viini 2, RAM ya gigabaiti 4 iliyolehemiwa na hifadhi ya polepole ya eMMC kitakuwa na waranti na betri nzuri, lakini kwa kazi kitaachwa mbali na ex-UK nzima ya i5 ya kizazi cha 8.

Kwa mnunuzi wa kawaida Machakos, basi, uamuzi ni huu: i5 ya kizazi cha 8 au zaidi, viini 4, RAM ya gigabaiti 8 yenye nafasi ya kuongeza, SSD ya gigabaiti 256, Windows ya biti 64. Mashine ikitimiza hayo na ikapita jaribio la dakika 15, lipa. Ikikosa kizazi na viini, mrudishie muuzaji i7 yake, umshukuru, uende duka linalofuata.